Gunia la katikati lina lumbesa

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda umiza hapa Kibaigwa, jirani na soko la mahindi. Wateja wangu ni makuli, madalali na madereva wa malori wanaolala hapa. Mwezi uliopita niliweka The Lord of the Rings, part one Ijumaa, ya pili Jumamosi, ya tatu Jumapili, zile zilizotafsiriwa na DJ. Ijumaa walijaa. Jumamosi ilipofika ile miti inayoongea, nusu ya watu walitoka nje kuvuta sigara, wakarudi kwenye vita. Mmoja akanidai kiingilio chake, eti picha haina mwanzo wala mwisho. Ila mdogo wangu aliyesoma chuo anasema hiyo ya pili ndiyo bora kuliko zote. Nani yuko sahihi? Na nikirudia kuzionyesha, niiruke?"

Marahaba, kijana wangu. Natumaini yule bwana hukumrudishia hela, ingawa nusu ya dai lake ni la haki. Niianze hiyo nusu.

Ni kweli, The Two Towers, yaani hiyo ya pili, haina mwanzo wala mwisho, na haikuzaliwa ili iwe navyo. J.R.R. Tolkien aliandika hadithi moja ndefu. Baada ya Vita Kuu ya Pili karatasi ilikuwa ghali Uingereza, mchapishaji akaogopa kutoa kitabu kinene namna ile kwa mara moja, wakakigawa vipande vitatu: viwili vikatoka mwaka 1954, cha tatu 1955. Hicho cha katikati kikawa kama Kibaigwa kwa dereva aliyetoka Dar es Salaam na mzigo wa Mwanza. Anasimama, anakula, analala, lakini nyumbani hakuaga kwamba anakwenda Kibaigwa. (Msamaha kwa mfano huo. Najua wapo wanaofunga safari kwa ajili ya mahindi yenu tu.) Mkurugenzi Peter Jackson naye alizipiga picha zote tatu kwa mkupuo mmoja huko New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, kisha akawa anaitoa moja kila Desemba: 2001, 2002, 2003. Sehemu kubwa ya umbo la hiyo ya pili lilipatikana kwenye meza ya kuhariri.

Na hakuweka "tulipoishia". Tunaona milima ya theluji, tunasikia ugomvi ukitoka ndani ya mwamba kama redio ya jirani, mara tumo ndani na Gandalf, yule mchawi mzee, anaporomoka shimoni pamoja na lile zimwi la moto, akilikatakata kwa upanga huku wote wawili wakianguka. Halafu Frodo, yule mdogo aliyebeba pete ya adui kwenda kuiangamiza, anashtuka usingizini. Aliyekuwepo Ijumaa anapewa zawadi hapo: kifo alichodhani kimekwisha kinafunguliwa upya na kuendelea chini zaidi. Lakini aliyekuja Jumamosi tu ni kama mtu aliyepandia basi Gairo, akakuta abiria wanacheka kisa kilichoanza tangu stendi ya Dar. Muulize yule bwana wa kiingilio kama Ijumaa alikuwepo. Nadhani hakuwepo.

Sasa ile miti. Wateja wako wako sahihi, na wala usiwaone washamba.

Tolkien alitumia njia rahisi: nusu ya kwanza ya kipande hicho inawafuata Aragorn na wenzake peke yao, nusu ya pili inawafuata Frodo na Sam peke yao. Ukifanya hivyo kwenye skrini, watu watakaa saa nzima na zaidi bila kumwona Frodo, na kibanda kitawaka moto. Jackson akasuka ukili wa miaa mitatu. Mmoja ni Frodo na rafiki yake Sam wakielekea Mordor, nchi ya adui, wakiongozwa na Gollum, aliyewahi kuimiliki pete. Wa pili ni Aragorn, Legolas na Gimli kwenye nchi ya wapanda farasi, Rohan. Wa tatu ni Merry na Pippin, rafiki zake Frodo, wamebebwa msituni na Treebeard, mti mzee unaotembea. Miaa miwili ya kwanza ni mikavu na imara. Wa tatu ni mbichi, unateleza kila ukivutwa.

Miti inafanya kikao. Sisi wa Dodoma tunavijua vikao. Kila kamera inaporudi msituni tunakuta bado: giza limeshaingia, nao ndiyo kwanza wamemaliza kusalimiana. Mara ya kwanza inachekesha. Tatizo ni kwamba kichekesho kuhusu watu wazito kinaifanya picha nayo iwe nzito, na huko kwingine jeshi la majitu elfu kumi linakuja. Anayetoka kuvuta sigara anatii kile picha yenyewe inachomwambia: hapa hakuna haraka, utatukuta.

Lakini kosa kubwa la msituni si mwendo. Kwenye kitabu miti inajadili, inapandwa na hasira taratibu, na inaamua yenyewe kwenda kumvamia Saruman, mchawi aliyeasi. Kwenye picha inakataa. Ndipo Pippin anamlaghai Treebeard apite upande ambako Saruman amefyeka msitu, mzee anaona visiki, anabadili nia. Mchungaji wa msitu aliyeishi maelfu ya miaka hajui kwamba jirani yake anakata miti? Mzee wa kijiji chochote cha Ugogo anajua nani kakata mgunga wa nani kwa ajili ya mkaa, na gunia ngapi zilitoka. Hasira ile ilikuwa ya miti yenyewe, picha ikaifanya ajali ya njiani. Hata hivyo inapofika Isengard, ngome ya Saruman, na kuvunja bwawa, na mmoja uliokuwa unawaka moto ukaenda kuchovya kichwa kwenye mafuriko, mimi husamehe mengi.

Hapo tunafika kwenye kasoro yenyewe, na kwa kuwa uko Kibaigwa nitatumia neno la sokoni kwenu: lumbesa. Gunia lilikuwa limejaa. Waandishi wa filamu wakashonea kilemba juu.

Hesabu na mimi. Théoden, mfalme wa Rohan, anakataa kutoka kupigana, mwishoni anatoka. Treebeard anakataa, mwishoni anatoka. Faramir, kapteni anayemkamata Frodo njiani, anakataa kumwachia, mwishoni anamwachia. Mikasa mitatu, umbo moja: mkubwa anasema hapana, anaonyeshwa jambo, anasema ndiyo. Kwenye kitabu Treebeard na Faramir hawakukataa hivyo, na Théoden akishaponywa anapanda farasi kwenda vitani. Kwa nini waliongeza? Kwa sababu picha ya katikati ina hofu yake: wahusika wameshatambulishwa, hatima yao iko Jumapili, Jumamosi wafanye nini? Basi kila mmoja akapewa kona ya kukata. Kona moja hunogesha safari. Tatu za namna moja, abiria anaanza kuangalia saa.

Na juu ya kilemba wakaongeza fungu jingine. Wale wanyama kama mbwamwitu, ambao kwa kweli wanafanana zaidi na fisi (na watu wa Kongwa hamhitaji kuelezwa fisi), wanaushambulia msafara, na Aragorn anaburuzwa hadi genge, anaanguka mtoni. Huzuni, kimya, Legolas anaokota kidani. Kijana wangu, kibanda kizima kinajua steringi hafi. Zaidi ya hapo, bango la Jumapili liko mlangoni kwako na sura yake imo. Machozi yale ni ya bure. Faida pekee ni kwamba njiani anapozinduka analiona jeshi la adui likija, habari ambayo mpanda farasi yeyote angeweza kuileta.

Kuhusu Faramir nitakaa kidogo, maana hapo wasomaji wa kitabu waliumia kuliko popote, na watengenezaji walikuwa na sababu. Faramir wa kitabu anajua Frodo kabeba nini na anasema hataigusa pete hiyo hata akiikuta imelala njiani. Neno zuri sana likisomwa. Kwenye skrini lina hatari: umetumia saa tano kuwaambia watazamaji kwamba hakuna anayeweza kuishinda pete, kisha anatokea kijana porini, anaikataa kwa sentensi moja, anaendelea na chakula. Hofu yote ya Ijumaa inapasuka kama puto. Sababu ya pili ni ya kihesabu. Mwisho wa kipande cha pili kwenye kitabu ni yule buibui mkubwa, Shelob. Jackson alimhamishia picha ya tatu. Basi Frodo akabaki Jumamosi hana kilele, wakati wenzake wana vita ya usiku mzima. Wakamtengenezea kimoja: Faramir anamkamata na kumpeleka hadi mji uliobomoka wa Osgiliath.

Naielewa hesabu, lakini malipo yake ni makubwa mno. Mtu ambaye kazi yake yote ni kutembea kwenda mashariki anarudishwa magharibi, anaonyeshwa pete hewani mbele ya mtumishi wa adui aliyepanda joka, kisha anaachiwa aanze tena alipokuwa. Adui akishaiona pete kwa macho, mbona asiufuate mji ule usiku huohuo? Ukiipata ile kopi ndefu iliyotoka 2003, yenye zaidi ya dakika 40 za nyongeza, kuna tukio la zamani la Faramir, kaka yake Boromir na baba yao. Dakika chache tu, na ghafla unaelewa kijana yule anamtafuta nani anapoing'ang'ania pete: anatafuta kupendwa na baba. Kuliondoa kwenye kopi ya kawaida na kuuacha mwanguko wa Aragorn, hilo sijawahi kulielewa.

Basi mdogo wako ana hoja gani? Anayo moja, na ni nzito kuliko kasoro zote nilizozitaja. Gollum.

Ijumaa tulimwona kwa mbali, macho gizani. Jumamosi anaingia mzima, mifupa na ngozi, na ndiye mhusika bora wa picha zote tatu. Mwigizaji Andy Serkis alitambaa kwenye mawe pamoja na wenzake akiwa na vazi la kubana, baadaye akarudia mienendo ileile studio akiwa amewekwa alama mwilini ili kompyuta izisome, na mafundi wakachora uso wake wakifuata uso wa Serkis. Picha ikapata Oscar mbili, ya madoido ya picha na ya uhariri wa sauti. Lakini kompyuta nyingi zimepata Oscar na leo tunazicheka. Huyu bado hachekwi, kwa sababu ameandikwa vizuri kabla ya kuchorwa.

Kumbuka usiku ule Frodo na Sam wamelala, naye anaongea peke yake. Ndani yake wamo wawili: Gollum, aliyeua kwa ajili ya pete, na Sméagol, mtu aliyekuwa kabla. Mwanzoni kamera inazunguka polepole, uso ukigeuka huku ni huyu, ukigeuka kule ni yule. Kisha, bila kutangaza, Jackson anaanza kukata: picha ya huyu, picha ya yule, kama anavyokata watu wawili wanaobishana mezani. Jicho lako linasahau kwamba aliyepo ni mmoja. Sméagol anapomwambia mwenzake aondoke na asirudi tena, anakaa kimya, anatazama huku na huku, haamini. Anaruka kwa furaha kama mtoto. Hakuna upanga, hakuna farasi, na ndiyo vita kubwa kuliko zote za Jumamosi.

Sasa nikuulize jambo, na usinichukie. Kopi yako ni ya DJ. DJ mzuri ni hazina, mimi nimekua nao, na kwenye vita anaongeza chumvi inayohitajika. Lakini ili asikike lazima ashushe sauti ya picha, na sauti yake ni moja. Kwenye tukio hilo zile sauti mbili za Serkis, moja ya kukwaruza na moja ya kulialia, zinazama chini ya mtu mmoja anayesema "anajiambia aondoke". Wateja wako hawakuliona tukio bora la picha. Walisimuliwa. Mdogo wako, nadhani, aliiona kwenye kompyuta yake na sauti yenyewe, ndiyo maana mnabishana kama watu walioona picha mbili tofauti.

Na hapa ndipo Faramir alipokuwa anafaa kuishia. Baada ya ushindi ule wa usiku, Gollum anakwenda kuvua samaki kwenye dimbwi lililokatazwa, na wapiga mishale wa Faramir wako juu wamemlenga. Frodo, ili kumwokoa, inabidi amwite kwa upole atoke, akijua watamkamata. Anatoka kwa sababu anamwamini bwana wake. Wanamrukia, wanampiga. Ukutani, akiwa amejikunja analia, tunamsikia yule mwingine akirudi taratibu kumuuliza kwa nini analia. Wema umetumika kutega mtego, na aliyetumia ni mtu mwema. Kwa dakika hizo Faramir alikuwa wa lazima. Kama angewaachia hapo, kama kitabuni, ungekuwa na gunia limekaa sawa kwenye mizani. Osgiliath ni lumbesa.

Vita ya Helm's Deep, ngome ya Rohan, kila mtu anaijua, nitapita haraka. Ubora wake uko kabla haijaanza: vijana wadogo wanavalishwa kofia za chuma zinazowazidi, mtoto anamwambia Aragorn kwamba watu wanasema hawatafika asubuhi, mvua inaanza, na mzee mmoja mkono unamtetemeka, mshale unamponyoka, unaua. Vita vinaanza kwa bahati mbaya ya mzee. Au yule mwenye mwenge anayekimbilia baruti chini ya ukuta, Legolas anampiga mishale na hasimami. Kibanda kinanyamaza kwa sababu steringi ameshindwa. Halafu Legolas huyohuyo anateleza ngazi kwenye ngao kama mtoto kwenye ubao, kibanda kinapiga miluzi, mimi nauma meno. Gimli naye, mtu wa heshima kitabuni, kageuzwa mchekeshaji wa kurushwarushwa.

Kuna jambo moja tu nitalipinga pale. Waelfi, ndugu zake Legolas, wanakuja kusaidia kwa gwaride na bendera, jambo ambalo kitabuni halipo. Dakika chache kabla tumeambiwa ni watu mia tatu dhidi ya elfu kumi, na uzito wote wa usiku ule ulikuwa upweke wao. Ukileta jeshi la kukodi lenye pinde nzuri, upweke unaondoka. Haldir anayewaongoza anafia ukutani kwa heshima zote, na Jumapili hakuna anayemtaja tena.

Nisisahau Rohan yenyewe. Mji wa Edoras ulijengwa juu ya kilima kinachoitwa Mount Sunday, uwanda mkavu umekizunguka na milima nyuma yake. Wakazi wa Kongwa mkiangalia nyasi zile zimekauka na upepo unazilaza, mtadhani mmetoka nje ya kibanda. Na muziki wake: Howard Shore aliutunga wimbo wa nchi hiyo kwa fidla ya Kinorwei, sauti kavu, ya kukwaruza kidogo, yenye upweke. Sikio lililolelewa na zeze la Wagogo linaijua sauti hiyo kabla halijaambiwa inatoka wapi.

Kwa hiyo usiiruke. Fanya hivi. Aliyekosa Ijumaa, mweleze mlangoni kwa dakika mbili, mdogo wako anaweza. Kwa kuwa picha ina urefu wa karibu saa tatu, weka mapumziko yako wewe mwenyewe, yasipangwe na miti. Ukisitisha karibu na katikati, mara tu Sméagol anaporukaruka akidhani yuko huru, watu watatoka kwenda kununua chai wakiwa wanatabasamu, na hiyo ndiyo hali unayoitaka kabla ya kilichopo mbele. Kwa tukio hilo tafuta kopi yenye sauti yake, hata kama zilizobaki zote ni za DJ. Mdogo wako asimame mbele atafsiri, sauti mbili, moja ya kulia na moja ya kuuma. Makuli watacheka dakika ya kwanza. Ya pili watanyamaza.

Halafu mwisho. Sam anatoa hotuba kuhusu hadithi kuu na watu waliokuwa na nafasi ya kurudi nyuma wasirudi, na juu ya maneno yake tunaona ushindi wa Helm's Deep na mafuriko ya Isengard. Ni mwisho wa kuazima, Sam anaongea kana kwamba na yeye kaiona video ya huko kwingine, lakini unagusa. Wengi hudhani imeisha, wanaanza kunyanyuka, na wewe unawasha taa. Usiwashe. Bado kuna Gollum, ametangulia peke yake msituni, yale mawili ndani yake yanabishana tena, safari hii yanakubaliana. Anapata wazo: kuna "yeye" fulani mbele anayeweza kuifanya kazi hiyo. Hasemi ni nani. Kisha anawaita Frodo na Sam kwa sauti tamu wamfuate. Funga mlango mpaka hapo paishe, ndipo uanze kukata tiketi za Jumapili.